Ngano, maji na mawe: utafiti wa Nakuru

Utafiti wa kitaaluma una matawi mengi, na safari fupi kutoka mtaa wa Section 58, Nakuru, yatosha kuyaona matatu.

La kwanza ni sayansi ya kilimo. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, huko Njoro hupima ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina aina ya Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999. Ngano hupandwa makusudi penye ugonjwa. Inayostahimili huteuliwa kuzalishia mbegu mpya.

La pili ni afya. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji ya visima. Ikizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia. Ikizidi mno, mifupa huharibika. Jimbo Katoliki la Nakuru lilitengeneza kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi.

La tatu ni historia na sanaa. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilima cha Hyrax Hill kuanzia mwaka 1937, akafukua makazi na makaburi ya kale. Kwa upande wa sanaa, hapo pana mashimo ya mchezo wa bao yaliyochongwa mwambani.

Mkulima, mzazi na msanii wote hunufaika. Kwa hiyo fedha za utafiti zigawiwe matawi yote, na matokeo yawafikie wananchi kwa lugha wanayoielewa.