Kabla Hujakubali Cheo cha Umeneja

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, vijana wetu wahandisi wa programu huniuliza sana: "Nimeambiwa niongoze timu. Nikubali?"

Kwanza jua kwamba unabadilisha kazi. Ulikuwa ukipimwa kwa programu ulizoandika. Sasa utapimwa kwa walizoandika wenzako. Wengi hukwama hapo. Likitokea jambo gumu, meneja mpya hukesha nalo mwenyewe kwa kuwa analimaliza upesi. Vijana wake hawajifunzi lolote, naye yuko hoi.

Google walijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi mwaka 2002. Baada ya miezi michache tu waliwarudisha, maana watu walikuwa wakimwendea Larry Page, mwanzilishi mwenza wa kampuni, na marejesho ya gharama na ugomvi wa kazini. Mwaka 2008 wakaanza utafiti walioupa jina Project Oxygen, wajue meneja mzuri ana nini. Yakapatikana mambo manane: la kwanza, kuwalea watu kikazi, ujuzi wa kiufundi ukawa wa nane. Hauna thamani? Thubutu! Usipoielewa kazi, timu itakugundua kabla ya chai ya saa nne.

Halafu timu inakua. Watu 5 wakizungumza wawili wawili, kuna njia 10 za mawasiliano. Wakiwa 10, njia ni 45. Fred Brooks, aliyesimamia mradi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Basi bosi akikuletea watu sita wa kuokoa mradi uliochelewa, sema mapema kwamba huenda wakauchelewesha zaidi. Hapa adabu zetu hutuponza, kwani tumelelewa tusimpinge mkubwa hadharani. Sawa, mfuate faragha, ila uende na hesabu mkononi.

Na mlioko Marekani kwa viza ya kazi, hili wengi hawaambiwi: ombi la green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) kupitia mwajiri hufungamana na kazi iliyoandikwa humo. Majukumu yakibadilika sana, mwajiri huenda akalazimika kulianza upya. Mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Mwisho, kampuni nyingi kubwa zina ngazi ya wahandisi wabobezi wasiosimamia mtu, na mishahara yao hulingana na ya mameneja. Kama raha yako iko kwenye programu, omba ngazi hiyo, wala usione haya.