Managu Tuliyong'oa: Mazungumzo Juu ya Ndoa na Bustani

(Mazungumzo ya mume na mke wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya vikundi vya kujisaidia.)



Tumeombwa tuseme juu ya ndoa iliyodumu. Sisi tulioana mwaka wa 1986, lakini kuhubiri hatujui. Tunachojua ni mboga. Basi tutawapa habari ya mboga, na ndoa mtaiona wenyewe mahali iko.

Tunakaa Kaloleni, hapa Eastlands. Nyumba zetu zilijengwa miaka ya 1940, nyumba za chini, na kati yake kulikuwa na nafasi. Wenzetu wanaokaa kwenye magorofa ya Umoja au Huruma hawana hata hatua moja ya udongo. Sisi tulikuwa na kijisehemu nyuma ya jikoni, upana wake kama mikeka miwili.

Mwaka wa 1995 Baba alipunguzwa kazini. Miaka ile wengi walipunguzwa, si yeye peke yake. Lakini hakumwambia Mama. Majuma matatu alivaa kila asubuhi, akatoka, akarudi jioni kama mtu aliyetoka kazini. Mama alipata habari mferejini, kwa jirani. Hatukugombana. Tulinyamaza tu, na jameni, kunyamaza ni kubaya kuliko kugombana. Tulilala kitanda kimoja kama abiria wawili wa matatu.

Mama alikuwa amepanda managu. Siku moja Baba, akitaka kuonyesha kwamba yeye bado ni mwenye nyumba, alishika jembe akang'oa zote ili apande mahindi. Hakujua kwamba managu zile zilikwisha agizwa na mama mboga, na pesa zake zilikuwa ada ya shule. Mama alifunga mzigo aende kwao. Tuseme ukweli mbele ya Mungu: kilichomzuia hakikuwa maombi. Nauli haikutosha.

Alipokuwa akingojea nauli, Baba alinunua mbegu za managu akapanda mwenyewe. Mbegu zile ni ndogo sana. Akazimwaga zote mahali pamoja, zikaota kama nywele. Ikabidi aulize, "Mama Watoto, sasa hizi nizifanye nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kwa siku nyingi. Mama akajibu, "Changanya mbegu na majivu makavu kwanza, wewe! Hizo sasa punguza, uache shubiri moja kati ya mche na mche." Wakainama pamoja mpaka jioni. Mzigo ulifunguliwa baadaye, lakini safari ilikwisha hapo.

Tangu siku ile udongo umetufundisha mambo manne.

La kwanza: ukihamisha mche kutoka kitaluni, siku za kwanza hulala chini kama umekufa. Mkulima mgeni huung'oa. Mkulima mzoefu huutilia maji jioni, huuwekea kivuli, hungoja. Baada ya kusameheana sisi pia tulikaa hivyo, tumenyauka. Kama tungeng'oana wakati ule, leo hatungekuwa hapa.

La pili: sukuma wiki huchumwa majani ya chini, na kichwa kinaachwa ili iendelee kukua. Lakini managu ukiikata ncha, ndipo inatoa matawi mengi. Mboga mbili, udongo mmoja, mkono tofauti. Baba ukimwambia kosa lake mbele ya watu, umemkata kichwa. Mwambie ndani ya nyumba. Mama yeye anataka mambo yasemwe waziwazi siku ileile, ndipo anachanua. Ilituchukua miaka kumi kujua nani kati yetu ni sukuma na nani ni managu.

La tatu: usipande sukuma baada ya sukuma pale pale kila msimu. Wadudu na magonjwa yatazoea, udongo utachoka. Panda kunde au maharagwe katikati, maana mizizi yake inarudishia udongo nguvu. Watoto walipoondoka nyumbani tuliona hatuna neno la kusemezana, kwa sababu miaka yote tulizungumza watoto tu. Ilibidi tubadilishe mmea. Siku hizi jioni tunatembea mpaka sokoni pamoja, hata kama hatununui kitu.

La nne: maji. Usimwagilie mboga kwa maji ya mto Nairobi au mto Ngong yanayopita mitaani kwetu. Yanabeba uchafu wa vyoo na wa viwanda, na mboga itapendeza macho huku inaleta ugonjwa. Nyumbani nako kuna maneno ya namna hiyo, yanayoletwa na watu wa nje. Chuja unachokiingiza.

Kwa wasio na ardhi, tumieni gunia. Changanya udongo na mbolea iliyooza vizuri. Chukua mkebe uliotobolewa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto. Jaza udongo kandokando, vuta mkebe juu, jaza tena kokoto, hivyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inapeleka maji mpaka chini. Kisha toboa matundu ubavuni, yasiwe yamepangana moja juu ya jingine, na upande miche. Gunia moja linaweza kubeba miche 30 hivi.

Neno moja kwa akina baba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 hapa Kenya inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Managu zile zilizong'olewa zilikuwa mchango. Kwetu sasa kuna daftari moja. Pesa za mboga zinaandikwa na mmoja, zinasomwa na mwingine, na hakuna anayechukua bila mwenzake kujua.

Hatukusema tumemaliza. Hata juzi tumekosana kwa sababu ya dania. Lakini magugu ukiyang'oa yakiwa madogo hayahitaji jembe, vidole vinatosha.



Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Ni habari gani mtu huona haya kumwambia mwenzake nyumbani? Kikundi kinaweza kumsaidia namna gani?
2. Katika nyumba yako nani ni sukuma, nani ni managu?
3. Pesa za mboga zinaandikwa wapi, na nani anaziona?