Uwanja wa Mazoezi ya Vyombo vya Anga Waweza Kujengwa Arua

Hakuna jeshi linalompeleka kuruta vitani kabla ya kumpitisha katika uwanja wa mazoezi. Kosa la uwanjani husahihishwa kwa sauti ya mkufunzi. Kosa la vitani hulipwa kwa damu. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala pia kazi ya vyombo vya anga.

Tarehe 7 Novemba 2022, setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Marekani ikiwa ndani ya chombo cha mizigo kiitwacho Cygnus. Njiani, bawa moja kati ya mawili yanayopokea mwanga wa jua lilikataa kufunguka. Hata hivyo, tarehe 9 Novemba, Cygnus ilikifikia Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho huizunguka dunia kwa mwendo wa kilomita zipatazo 28,000 kwa saa, ikanaswa kwa mkono wa mtambo ulioongozwa na mwanaanga Nicole Mann. Tarehe 2 Desemba setilaiti ya Uganda ikaachiliwa angani. Kazi ya namna hiyo haijaribiwi kwa mara ya kwanza huko juu. Hufanyiwa mazoezi ardhini.

Katika maabara za mataifa tajiri, vyombo vya mfano huelea juu ya meza ya jiwe lililosawazishwa, vikibebwa na utando mwembamba wa hewa ili pasiwe na msuguano. Mitambo hiyo ni ghali. Lakini ipo njia iliyo nafuu. Roboti yenye magurudumu yawezayo kwenda upande wowote huwekwa juu ya sakafu tambarare. Kompyuta hupiga hesabu ya jinsi chombo halisi kingekwenda angani, ambako kitu kikisha kusukumwa huendelea tu, kisha huziamuru mota zifuate hesabu hiyo. Kamera iliyofungwa darini hupima kama roboti imetii. Sakafu hutoa mwendo wa mbele na nyuma, wa kando, na wa kujizungusha. Ukiongezwa mkono wa roboti, hupatikana pia kupanda na kushuka, kuinama na kulalia upande. Roboti mbili za aina hiyo zatosha kufundishia namna chombo kimoja kinavyokisogelea kingine.

Kazi hiyo haiwashindi wananchi wa West Nile. Mjini Arua kipo Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013. Huko Koboko, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana, wapo mafundi wa pikipiki na wachomeleaji vyuma waliozoea kufanya mengi kwa vifaa vichache. Mwalimu wa hesabu na fundi wa gereji wakikaa pamoja, uwanja huo utajengeka.

Wapo watakaouliza kwa nini wilaya ya mpakani ihangaike na mambo ya anga ilhali yapo mahitaji ya karibu zaidi. Swali hilo ni la haki. Lakini elimu ya kuiongoza roboti haiishii angani. Polisi wa nchi nyingi huitumia kulisogelea bomu bila kuhatarisha maisha ya askari, na viwanda huitumia kuendesha mitambo yake. Kijana atakayejifunza kwa kifaa cha bei nafuu atakuwa na kazi ya kufanya hapa hapa nchini.

Setilaiti ya kwanza iliundwa na wahandisi watatu wa Uganda, lakini iliundiwa Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Kujifunza kwa rafiki si aibu. Aibu ni kurudi kwake kila mara kuazima uwanja wa mazoezi.

Roboti ikigonga ukuta Arua, hasara yake ni gurudumu moja, na mwanafunzi hujua alipokosea. Chombo cha Taifa kikigongana na kingine angani, hakuna fundi wa kukifuata. Askari anaijua tofauti hiyo. Ni wajibu wa vyuo, halmashauri za wilaya na wenye mali kuielewa vilevile, na kuwapa vijana uwanja wa kukosea mapema.