Kuunganisha, Kugawanya na Kumega: Istilahi za Oda za Kazi Viwandani na Kiswahili cha Kompyuta



Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kutafsiri matini za programu ya kompyuta iliyokusudiwa kutumiwa na mafundi na watunza ghala wa kiwanda kimoja cha sabuni. Miongoni mwa matini hizo mlikuwamo kitufe ambacho kazi yake ilikuwa kuzifanya oda mbili za kazi ziwe oda moja. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyefundisha unyambuaji wa vitenzi kwa miaka mingi, niliandika: “Changanya oda.” Wenzangu waliafiki, tukaendelea na neno lililofuata.

Oda mbili zilizokuja kuunganishwa zilikuwa za sabuni ya aina moja: ya kwanza vipande 400, ya pili vipande 600. Kila moja ilikuwa imetengewa mafuta kutoka shehena yake. Msimamizi alitaka zipite mashineni kwa mkupuo mmoja ili mtambo usisafishwe mara mbili. Mafuta ya shehena ya kwanza yatumike kwanza, kisha ya pili, na mpaka baina yao uandikwe. Mhudumu wa pipa la kupikia alisoma “Changanya,” naye akafanya alivyoambiwa. Alimimina mafuta ya shehena zote mbili katika pipa moja. Baadaye ilibainika kwamba shehena ya kwanza ilikuwa imeharibika. Badala ya kutupa vipande 400, kiwanda kilitupa vipande 1,000. Mhudumu yule alilaumiwa. Nami, niliposikia habari hiyo, nilijua kwamba lawama ile ilistahili kuwa yangu.

Mhadhara huu ni jaribio la kulipa deni hilo. Nitaeleza kwanza jambo lenyewe linalofanyika kiwandani, kisha nitayapima maneno tuliyo nayo, na mwisho nitatoa pendekezo.

Oda ya kazi ni nini? Ni hati inayokiambia kiwanda kitengeneze kitu gani, kiasi gani, kwa malighafi zipi, kwa kufuata hatua zipi, na kiwe tayari lini. Kila oda ina namba yake, na kwa namba hiyo gharama, saa za kazi na malighafi hukusanywa. Zamani hati hizi zilikuwa karatasi zilizotundikwa ukutani. Katika miaka ya 1960 na 1970 kompyuta zilianza kuzishughulikia. Kitabu cha Joseph Orlicky kuhusu upangaji wa mahitaji ya malighafi kilitoka mwaka 1975, na kampuni ya SAP ilikuwa imeanzishwa Ujerumani miaka mitatu kabla yake. Leo hata viwanda vidogo hutumia programu kama Odoo, yenye asili ya Ubelgiji, kufanya kazi hiyo.

Oda haziishi kama zilivyozaliwa. Wateja watatu wakiagiza bidhaa moja, mpangaji huona ni busara kuzifanya oda zao kuwa moja, maana kuandaa mashine huchukua muda uleule kwa vipande 100 kama kwa vipande 1,000. Kwa upande mwingine, mashine ikiharibika, malighafi zikipungua, au mteja akitaka sehemu ya mzigo wake mapema, oda moja hulazimika kuwa mbili au zaidi. Fundi cherehani anayeshona sare za shule hulifahamu jambo hili bila kompyuta: hukunjua vitambaa tabaka juu ya tabaka, akakata sare za wateja wengi kwa mkasi mmoja, kisha akatenga kila furushi na jina la mwenyewe.

Zingatieni sasa kanuni ambazo programu hufuata. Katika Odoo, kwa mfano, oda haziwezi kuunganishwa isipokuwa ziwe za bidhaa moja na zenye orodha moja ya malighafi. Zikiunganishwa, huzaliwa oda yenye namba mpya, na namba za zile za awali huandikwa kama chanzo chake. Oda ikigawanywa, sehemu zake hubaki na namba ya awali, ila kila moja huongezewa mkia: 001, 002, na kuendelea. Zipo programu nyingine ambamo oda ya awali haigawanyiki yote. Hubaki hai na kiasi kilichopungua, na sehemu iliyotolewa hupewa namba yake yenyewe. Kwa hiyo tuna matendo matatu, wala si mawili. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuitwa.

Tuanze na kuunganisha. Kiswahili kina *unga*, *unganisha*, *changanya*, *jumlisha*, *jumuisha* na *kusanya*. *Jumlisha* ni la hesabu. Hujumlisha idadi, si vitu. *Kusanya* huweka vitu mahali pamoja bila kuvifanya kimoja. *Changanya* huvipotezea vitu mipaka yake: maji na maziwa yakichanganywa, hakuna awezaye kuyatenga tena. Tena neno hili limebeba maana ya kukosea, kwani aliyechanganya majina ni yule aliyempa Asha barua ya Amina. *Unganisha* huvifanya vitu viwe kimoja huku viungo vyake vikijulikana, kama fundi seremala aungavyo mbao.

Historia yetu inatupa ushahidi ambao sidhani kama unahitaji maelezo marefu. Mwezi Aprili mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar. Udongo ulichanganywa, nchi ziliungana. Hakuna aliyeuita Muungano “Mchanganyiko.” Wazungumzaji wa kawaida, bila kamati yoyote ya istilahi, walijua kipi huchanganywa na kipi huunganishwa. Ni mimi, mwenye shahada, niliyesahau.

Lakini tusilitupe *changanya* kabla ya kuutazama mzizi wake. *Changa* ni kutoa kila mtu sehemu yake kwa jambo la pamoja: harusi, msiba, ujenzi wa shule. Fedha huingia katika kapu moja, ila daftari la michango hubaki na jina la kila mchangaji na kiasi alichotoa. Hivi ndivyo uunganishaji mzuri wa oda unavyotakiwa uwe. Kiambishi *-any-*, ambacho ndani yake tunaona *-an-* ya kutendana na *-y-* ya kutendesha, ndicho kilichokitoa kitenzi katika daftari na kukitia katika pipa. Inashangaza kwamba umbo hilohilo linaonekana katika *kusanya* na *tawanya*, katika *changanya* na *gawanya*. Lugha haikuona haja ya umbo moja la kuleta pamoja na jingine la kuachanisha. Iliona kwamba yote mawili ni mahusiano baina ya vitu vingi, ikaviachia vitenzi vyenyewe kusema upande.

Tuje kwenye upande wa pili. Hapa tuna *gawa*, *gawanya*, *tenga*, *pasua* na *mega*. *Gawa* humtaka mpokeaji. Nilipomwonyesha mama mmoja mtunza ghala maneno “Gawa oda,” aliniuliza kwa adabu, “Nimgawie nani, Profesa?” Swali lake lilikuwa uchambuzi kamili wa sarufi ya kitenzi hicho. *Gawanya* halimtaki mpokeaji, hutaka sehemu. Ni neno la darasa la hesabu: 600 kwa 3 ni 200, na baada ya tendo hilo 600 haipo tena, zipo 200 tatu.

*Mega* ni tofauti. Mtu akimega ugali, tonge huenda na ugali hubaki ukiitwa ugali. Lugha ya utawala nchini Tanzania inalitumia neno hili kwa usahihi mkubwa. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Arusha na Mbeya zilibaki na majina yao, zikiwa zimepungua eneo. Basi oda ya vipande 600 ikitolewa vipande 150 vya haraka, na 450 vikabaki chini ya namba ileile, oda hiyo haikugawanywa, imemegwa. Tofauti hii si ya kupendeza masikio tu. Mhasibu anayesoma “imegawanywa” ataifunga namba ya zamani. Anayesoma “imemegwa” ataiacha wazi, kwa kuwa kazi bado inaendelea juu yake.

Wanafunzi watauliza: je, kuunganisha na kugawanya si kinyume kimoja cha kingine? Kiswahili kinayo kauli ya kutendua: *funga* na *fungua*, *kunja* na *kunjua*, *panga* na *pangua*, *fuma* na *fumua*. Mbona hatuna umbo la kutendua la *unganisha*? Jibu langu ni kwamba kutendua hurudisha hali ya awali, na oda haziwezi kurudishwa. Oda ya 400 na ya 600 zikiunganishwa kisha ile ya 1,000 ikagawanywa kuwa 400 na 600, idadi zimerudi lakini oda hazikurudi. Saa za kazi zimekwisha kuandikwa kwa namba mpya, mafuta yamekwisha kutumika. Anayetaka kuzitambua oda za mwanzo hana budi kufuata maandishi ya chanzo. Uchaguzi wa mizizi miwili isiyohusiana, badala ya mzizi mmoja na kauli yake ya kutendua, ndio unaosema ukweli wa jambo hili.

Naja sasa kwenye nomino. Wapo waliopendekeza *amri ya kazi*. Neno hilo lina harufu ya kambi ya jeshi. Wapo waliopendekeza *agizo la uzalishaji*; lina sura nzuri, ila wingi wake, *maagizo*, husomwa pia kama maelekezo, na mfanyakazi aliyeambiwa “unganisha maagizo” hana hakika kama anaambiwa habari za kazi au habari za karatasi ya kanuni ukutani. *Oda* limekwisha kutoholewa na watu wenyewe. Muuza samani na mpishi wa keki husema “nimepata oda” bila kuhisi ugeni. Tunakumbuka mashindano ya *kompyuta*, *tarakilishi* na *ngamizi*, na jinsi utohozi ulivyotamalaki katika vinywa vya wengi.

*Oda*, hata hivyo, ina tatizo lake: umoja na wingi wake ni umbo moja. Katika sentensi kamili upatanisho hutuokoa: oda hii imegawanywa, oda hizi zimeunganishwa. Katika kitufe cha kompyuta, ambako vionyeshi hukatwa ili kuokoa nafasi, “Gawanya oda” haisemi ni oda ngapi. Aidha, watunga programu wengi hudhani kwamba wingi hukaa katika nomino peke yake, wakaacha pengo la tarakimu na kubadilisha mwisho wa nomino. Kwetu nomino hii haibadiliki. Kitenzi ndicho kinachobadilika. Mtafsiri apewe sentensi nzima ya umoja na sentensi nzima ya wingi, asipewe vipande vya kuunga mwenyewe.

Vipi kuhusu ukoo wa oda? Watu husema *oda mama* na watoto wake, kwa mfano wa *kampuni mama*. Istiara hii inafaa katika kumega, ambako mmoja huzaa na kubaki. Katika kuunganisha hugeuka kichwa chini, kwa kuwa wengi ndio wanaomzaa mmoja. Nilifikiria *oda zao* kwa ile inayozaliwa, hadi mwanafunzi mmoja aliponikumbusha kwamba msomaji yeyote ataelewa ni oda za watu fulani. Napendekeza tuazime kutoka taaluma ya tafsiri, ambayo tayari ina *lugha chanzi*: tuseme *oda chanzi* kwa ile ya awali na *oda tokeo* kwa ile inayotokana nayo, iwe kwa kuunganisha, kugawanya au kumega.

Mabibi na mabwana, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 tumesanifu maelfu ya istilahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na ikathibitika kwamba kompyuta inaweza kutuandikia kwa lugha yetu. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi. Istilahi ya ofisini ikikosewa, barua huandikwa upya. Istilahi ya kiwandani ikikosewa, mafuta humiminwa, na aliyemimina ndiye anayekatwa mshahara.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mtakaorithi kazi hii: kabla ya kuidhinisha neno, lipelekeni kwa yule atakayelitii. Msimwulize kama analipenda. Mwulizeni, “Ukilisoma neno hili, mikono yako itafanya nini?” Wafanyabiashara wa pwani walipoyatumia *robota*, *korija*, *jora* na *doti*, hawakuwa na kamati, ila kila neno lilijua mahali pa kukata kitambaa. Nasi tuyape maneno yetu ya leo ujuzi huohuo.

Katika kiwanda kile kitufe sasa kimeandikwa “Unganisha oda hizi,” na chini yake, kwa herufi ndogo: “Usichanganye malighafi.” Sentensi hiyo ya pili haikuwa yangu. Iliongezwa na mhudumu wa pipa.