Ukinawa, Ujikute: Msiro, Mkorogo na Ngozi ya Mwanamke wa Pwani

Mada kwa semina ya afya ya wanawake, Quiterajo, wilaya ya Macomia, Cabo Delgado

1. Utangulizi

Mezani nimeweka vitu viwili. Hiki ni kipande cha mti wa msiro pamoja na jiwe lake. Na hiki ni kikopo cha krimu ya dukani, kina picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Vyote viwili hupakwa usoni, na kila kimoja huja na weupe wake. Nimekuja kuzungumzia tofauti ya weupe huo na huu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wakimsuta mtu wa kupendeza nje tu. Kwa heshima zote, pwani hii ina haki ya kuibishia methali hiyo kidogo, kwa kuwa hapa uzuri wenyewe hutoka kwenye kipande cha mti.

2. Msiro

Kusaga mnakujua kuliko mimi, lakini tuangalie pamoja. Unalidondoshea jiwe maji kidogo, unashika kijiti, unasugua kwa kuzungusha. Mwanzo maji ni maji tu. Ukiendelea yanageuka meupe, kisha yanakuwa mazito kama tui la kwanza. Unachota kwa kidole: paji la uso, mashavu, kidevu. Msiro ukianza kukauka unaivuta ngozi, na wewe ukicheka mapema unapasuka pembeni mwa mdomo.

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Olax dissitiflora. Wamakua na Wamwani wanautumia tangu Kisiwa cha Msumbiji na Nampula hadi Ibo na huku kwetu. Upakaji huu una ndugu zake ng'ambo: Ngazija na Mayotte wana msindzano, Bukini (Madagaska) wana masonjoany, Unguja wana liwa na singo. Wazee husimulia kwamba zamani uso wa msiro ulikuwa na ujumbe: huyu ni mwali, anaandaliwa. Leo hata mama wa watoto sita anaupaka akienda pwani maji yakipwa.

Mgeni akimwona mama huyo anaweza kudhani anatamani uzungu. Hakai mpaka jioni akaona. Jioni maji yanapita usoni, msiro unatoka, na ngozi ya chini ni ileile aliyozaliwa nayo. Kipimo changu cha leo ni hicho: kipodozi chema ni kile ambacho ukikinawa, unajikuta.

3. Mkorogo

Sasa tuje kwenye kopo, tukianza na ngozi yenyewe. Rangi yetu inatokana na melanini, inayotengenezwa na seli maalumu za ngozi. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa binadamu wote, awe wa Quiterajo au wa Lisbon. Tofauti ni chembe za rangi: zetu ni kubwa zaidi, zina melanini nyingi zaidi, na zimetawanyika vizuri zaidi. Chembe hizo hujipanga juu ya kiini cha seli kama kofia ya ukindu kichwani mwa mvuvi, zikikikinga na miale ya jua. Anayejichubua anamvua mvuvi kofia saa sita ya mchana.

Krimu na mikorogo ya kujichubua mara nyingi huwa na moja kati ya vitu vitatu, au vyote. Zebaki huzuia melanini isitengenezwe, lakini haiishii usoni: huingia mwilini, huharibu figo, na mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta mabaka ya buluu nyeusi yasiyotaka kutoka. Aliyekimbia weusi anaupata ulio mbaya zaidi. Steroidi kali huikondesha ngozi, huleta michirizi, na ukiziacha uso unaweza kuwaka moto, ndiyo maana wengi hurudia kopo.

Jirani zetu walishaliona hili. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unapambana na zebaki katika vipodozi dunia nzima. Lakini sheria haisimami kwenye kila genge. Macho yetu ndiyo yatakayosimama.

4. Tatizo halianzii kwenye kopo

Ngozi nyeusi ikipata chunusi au mkwaruzo, huacha doa jeusi linalokaa miezi. Wengi huanza kwa kutaka kuondoa doa tu. Kisha husikia maneno. Tunamsifu binti tukisema "mweusi lakini mzuri", na ile "lakini" anakwenda nayo hadi dukani. Mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya alisimulia mwaka 2014 kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Kilichomsaidia kubadilika ni kumwona mwanamitindo Alek Wek, mweusi kama yeye, akisifiwa mbele ya watu. Mabinti zetu nao wanatutazama sisi.

Sisi wa Cabo Delgado tumepita mengi. Vita vimetuandama tangu Oktoba 2017, na kimbunga Kenneth kilitupiga Aprili 2019. Anayekimbia usiku habebi jiwe la kusagia. Wako wanaoona aibu kujipaka chochote wakati nyumba haijaezekwa. Dada, kuosha uso wako na kuutazama hakumdhulumu mtu. Ni kujihesabu miongoni mwa waliookoka.

5. Mapendekezo

(a) Osha uso kwa sabuni isiyo kali. Paka mafuta mwilini ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yanafaa mwilini. Uso wenye chunusi uyaepuke.

(b) Usikamue chunusi. Doa la miezi huanzia hapo. Jua pia hulikoleza doa, basi vaa ushungi au kofia unapokwenda pwani au shambani.

(c) Soma kopo kabla ya kulipa. Ukiona mercúrio, calomelano, hidroquinona au clobetasol, rudisha. Krimu inayokutahadharisha isiguse dhahabu wala fedha inaweza kuwa na zebaki. Isiyo na maandishi kabisa usiinunue.

(d) Aliyekwisha kutumia asione haya. Aende kituo cha afya na kopo lake, na asilichome moto, maana mvuke wa zebaki ni sumu.

(e) Baka lililopauka lisilosikia ukiligusa huenda ni ukoma. Dawa yake ni ya bure, na ukiwahi unapona bila ulemavu. Usilifunike kwa krimu, wala kwa msiro.

(f) Tukimsifu mtoto, tuitoe ile "lakini".

6. Hitimisho

Sikuja kusema msiro ni dawa ya kila kitu. Nimeuleta kwa sababu unatufundisha kujipamba bila kujifuta. Sasa maneno yatoshe. Maji yapo kwenye ndoo na jiwe hili hapa. Wawili waje wasage. Wengine tupokezane kopo, tusome pamoja kilichoandikwa nyuma ya yule mwanamke anayecheka.