Mpeni Msanii Muda wa Kukaa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili kuhusu wasanii katika shule za watoto wenye ulemavu



Tumepewa nusu saa, na tutajitahidi tusiizidishe kwa kuwa akina mama wa jikoni wameshatuonya kuhusu chakula.

Barua nyingi tulizopokea kutoka kwenye kamati zenu zinauliza jambo moja. Mnasema mmeona kwenye mpango kwamba sehemu ya michango itatumika kumlipa msanii akae muhula mzima katika shule ya watoto wenye ulemavu. Je, hakuna mabati ya kununua? Hakuna magodoro? Kamati moja iliandika kwa ufupi zaidi: "Watoto watakula michoro?"

Swali hili ni la haki, na anayetoa mchango wake ana haki ya kuuliza. Mabati na magodoro yamo kwenye bajeti na yanatangulia. Fedha ya choo haitaguswa. Lakini tunaomba mtusikilize kuhusu hicho kifungu kingine, na hasa kuhusu neno "akae", maana hapo ndipo penye gharama, na hapo ndipo wengi wenu mmependekeza tupunguze. Mmesema: msanii aje siku mbili, atoshe.

Katika nchi yetu, makanisa yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafungulia watoto hawa milango ya shule. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Wazee wetu walianza na paa, chakula, kusoma na kuandika, na walifanya vyema. Mahali pengine palikuwa na mtu aliyeongeza jambo. Karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, padri wa Kianglikana aitwaye Edward Paterson, Mskoti aliyesomea sanaa London, alifungua shule ya misheni ya Cyrene mnamo 1940. Jina hilo ni la mji wa yule Simoni aliyebebeshwa msalaba. Paterson aliagiza kila mwanafunzi ajifunze kuchora na kuchonga. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana aitwaye Sam Songo, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu na mkono mmoja tu ndio uliomfanyia kazi. Songo akawa mchoraji na mchongaji, na jina lake likajulikana nje ya nchi yake. Wanafunzi waliipamba kanisa la shule kwa michoro kwenye kuta zake.

Angalieni jambo moja katika habari hiyo. Paterson aliishi pale. Alimwona Songo asubuhi na jioni, akajua mkono upi unachoka na saa ngapi unachoka. Hilo haliwezekani kwa mgeni wa siku mbili.

Siku mbili tunazijua sana. Mchoraji anakuja na ndoo za rangi, watoto wanachovya viganja na kuvibandika ukutani, picha zinapigwa, soda zinagawiwa, na wageni wanaondoka kabla ya saa kumi. Hatusemi kwamba watoto hawafurahi. Wanafurahi, na soda ni soda. Lakini katika shule ya wasioona ukuta ule umepambwa kwa ajili ya nani? Mtoto asiyeona ameambiwa kwamba kiganja chake kimo pale juu, na rangi ikishakauka hana cha kugusa.

Sasa chukueni udongo wa mfinyanzi badala ya rangi. Tunasema udongo kwa sababu haununuliwi mbali, na kwa sababu ufundi wake tunao wenyewe. Wanawake wa Kikisi kule Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, hufinyanga kwa mikono bila gurudumu la umeme wala mashine yoyote. Kazi ya vidole namna hiyo ni kama imetengenezwa kwa ajili ya mtoto asiyeona. Lakini udongo una masharti yake. Lazima utwangwe na kuondolewa changarawe, uloweshwe, ukandwe mpaka mapovu ya hewa yatoke. Chungu kikishafinyangwa lazima kikauke taratibu kivulini, siku nyingi, na wakati wa masika ni wiki na zaidi. Ukikipeleka motoni kikiwa bado kibichi ndani, maji yanageuka mvuke na chungu kinapasuka kwa kishindo. Kwa hiyo msanii wa siku mbili hawezi kumwonyesha mtoto kazi yake ikitoka motoni. Atakuwa ameshapanda basi, na kilichobaki darasani ni udongo uliovunjika, ambao mfagizi atautupa.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa undani ni Viktor Lowenfeld, aliyefundisha ufinyanzi katika shule ya wasioona ya Hohe Warte, Vienna, miaka ya 1920 na 1930, kabla ya kukimbia utawala wa Hitler na kwenda Marekani. Wakati ule wengi waliamini kwamba asiyeona hawezi sanaa ya maumbo. Lowenfeld aliwapa wanafunzi wake udongo akawaacha wafanye. Aliona kwamba wengine walitengeneza uso kwa utaratibu ambao mtu aonaye asingeufikiria: wanafanya tundu la jicho, wanaweka mboni ndani yake, ndipo wanaifunika kwa kope. Walikuwa wanatengeneza uso jinsi unavyohisiwa na mwenye uso huo. Baadaye, mwaka 1947, alitoa kitabu kuhusu ukuaji wa mtoto na ubunifu ambacho walimu wa sanaa walikisoma kwa miaka mingi katika nchi nyingi. Mwalimu mwenye haraka angemsahihisha yule mtoto kwenye jicho la kwanza.

Tuje kwa viziwi, ambako haraka inaharibu zaidi. Mtoto kiziwi ana macho mawili tu, na hayo hayo ndiyo anayosikilizia. Ukimpa udongo mkononi kisha ukaanza kueleza, ama atatazama udongo, ama atamtazama mkalimani. Hawezi yote mawili. Kwa hiyo msanii lazima aeleze kwanza, mikono ya wote ikiwa imetulia. Halafu anyamaze, kazi ifanyike. Halafu awaite tena wote wainue macho. Watoto hukaa nusu duara ili waonane, na dirisha lisiwe nyuma ya mkalimani, maana mwanga ukitokea mgongoni kwake uso na mikono vinakuwa kivuli. Kipindi kimoja kinachukua muda wa viwili. Wiki ya kwanza yote msanii hujifunza haya zaidi ya kufundisha, na katika wiki hiyo watoto humpa jina lake la alama. Msishangae jina hilo likitokana na kitambi chake.

Kuhusu ngoma tutasema kidogo, kwa kuwa muda unakwenda. Evelyn Glennie wa Scotland, mpigaji ngoma ambaye alikuwa amepoteza sehemu kubwa kabisa ya usikivu wake alipofika miaka 12, alifundishwa na mwalimu aliyemweka viganja ukutani ahisi mtetemo wa kila ngoma. Hadi leo hupiga mara nyingi akiwa pekupeku. Jirani zetu wa Kenya wamezoea kuona shule za viziwi zikicheza ngoma jukwaani katika tamasha lao la muziki la kitaifa, miguu ikienda sawa na mdundo. Aliyewahi kuwaona hahitaji mhadhara wetu.

Kuna jambo zito kuliko ufundi wote huo. Watoto viziwi walio wengi sana wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto anatoka kijijini ambako hakuna kiziwi mwingine, anaingia shule ya bweni ambako wakubwa wote, tangu mwalimu mkuu hadi mlinzi, wanasikia. Anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona hata mara moja mtu mzima kiziwi mwenye kazi, mwenye nyumba, anayelipwa na kudai chenji yake. Basi kichwani mwake mtu mzima ni mtu anayesikia. Yeye akikua atakuwa nani? Ndiyo sababu tumependekeza kwamba pale inapowezekana msanii mwenyewe awe na ulemavu: kiziwi kwa viziwi, asiyeona kwa wasioona. Baadhi yenu mliandika kwamba hili litakuwa gumu zaidi. Ni kweli litachukua muda zaidi kumpata. Lakini kati ya fundi hodari anayesikia na fundi wa wastani aliye kiziwi, sisi tungemchagua wa pili kwa shule ya viziwi, na hatuoni haya kulisema.

Na mafundi hao wapo. Iringa, mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, msanii Mwingereza Susie Hart alianza karakana ya Neema Crafts na vijana viziwi watatu, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watu walicheka, kama mnavyocheka sasa. Kazi ikakua ikawa na ufumaji, ushonaji, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mtu aliyepitia karakana ya namna hiyo ana cha kumwonyesha mtoto wa darasa la tano, na cha kwanza ni mikono yake mwenyewe.

Serikali nayo imejifunga katika jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataka watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao wenyewe na pia kwa kuitajirisha jamii. Maneno hayo ya mwisho tungependa kamati ziyapigie mstari. Jamii ndiyo inayopokea. Sisi tumezoea kumchora mtoto huyu kwenye makaratasi yetu akiwa amenyoosha mkono kupokea blanketi, na picha hiyo imeshamkaa hata yeye.

Sasa masharti, kwa kuwa fedha ni zenu. Msanii atapewa mkataba wa maandishi na malipo kwa siku za kazi, si "asante" mwishoni. Mtu anayeombwa kujitolea wiki kumi ataondoka wiki ya tatu akipata kibarua, na hatutamlaumu. Mkalimani wa lugha ya alama awekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Asiwe mwanafunzi wa darasa la saba anayevutwa kutoka kwenye vipindi vyake. Mwalimu wa darasa awepo wakati wote, kwa sababu msanii ataondoka na mwalimu atabaki na ujuzi. Watoto wenye ualbino wafanye kazi kivulini, na udongo uanikwe na wengine. Mtoto mwenye ulemavu wa akili apewe mwanzo ule ule kila siku, meza ile ile, na asiharakishwe kwenda hatua ya pili.

Msanii hatalala karibu na mabweni, wala hatabaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, hata akiwa ndugu wa paroko. Barua za watu wawili wanaomfahamu zisomwe kabla ya kusaini, na simu zipigwe kweli.

Kuhusu vyungu vitakavyotoka: ni mali ya mtoto aliyevifinyanga. Akitaka kumpelekea mama yake nyumbani wakati wa likizo, apeleke. Vikiuzwa, fedha iandikwe kwa jina lake na mzazi ajulishwe. Tunajua wafadhili wengine wangependa kupata kimoja cha kuweka ofisini. Mnakaribishwa kununua, kwa bei ya haki. Na picha zisipigwe bila idhini ya mtoto na mzazi. Mtatuwia radhi ikiwa toleo lijalo la jarida hili litakuwa na picha chache kuliko mlivyozoea.

Tunachoomba kwenu leo si fedha zaidi ya zile zilizokwisha kupangwa. Tunaomba mwache kifungu hicho kibaki wiki kumi, kisikatwe kuwa siku mbili. Pia tunaomba majina. Kila mjumbe akirudi nyumbani aulize: nani hapa kwetu anafinyanga, anasuka mikeka ya ukili, anachonga mizinga au vinu, anatengeneza zeze na kulipiga? Hasa muulizie yule asiyekuja kwenye mikutano kwa sababu mikutano yetu haina mkalimani, au kwa sababu mlango wa ukumbi una ngazi. Si lazima awe muumini wa parokia yenu. Andikeni jina, kijiji, kazi anayofanya na namna ya kumpata, mumpe katibu wa kamati, naye atuletee kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana shule zinapanga ratiba za muhula ujao na walimu wakuu wanatusubiri.