Homa Imeshuka, Vimelea Bado Vipo

Katika dozi nzima ya malaria, jioni ya siku ya pili ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Homa imeshuka, mtoto ameomba uji, amecheza kidogo uani, na mama anazitazama tembe zilizobaki akiwaza kuziweka akiba, maana nyumbani wapo watoto wengine na hela ya dawa haipatikani kila siku. Simlaumu hata kidogo. Anachokiona ni mtoto aliyepona. Asichoweza kukiona ni hesabu inayoendelea ndani ya damu, na hiyo ndiyo iliyonileta hewani leo: kimelea cha malaria kinakufaje, na kwa muda gani?

Kimelea kinachotuua zaidi katika ukanda huu, Plasmodium falciparum, hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Kikishaimeng'enya hubaki na himu, kipande chenye madini ya chuma, ambacho kwake ni sumu. Hakina pa kukitupa, basi hukigandisha kiwe fuwele. Hizo ndizo punje za kahawia ambazo mtaalamu wa maabara huziona kwenye hadubini. Kimelea kinaishi kama mtu anayepikia mkaa ndani ya chumba: yuko salama maadamu dirisha li wazi. Klorokwini, dawa tuliyoitumia zamani, ilikuwa ikiliziba dirisha hilo. Fuwele hazikujengeka, sumu ikajaa, kimelea kikafa kwa mlo wake chenyewe. Kisha vikatokea vimelea vilivyobadilika protini moja tu, vikaweza kuitoa klorokwini mahali inapofanyia kazi. Mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama tiba ya kwanza.

Dawa ya mseto tunayoitumia sasa, ALU, ina dawa mbili ndani ya tembe moja. Ya kwanza inatokana na artemisinini, iliyogunduliwa China miaka ya 1970 na Tu Youyou na wenzake kutoka kwenye mmea wa artemisia. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Chuma kilichomo kwenye himu ndicho kinachoiamsha artemisinini. Ikishaamka hushambulia protini za kimelea ovyo ovyo, yoyote iliyo karibu, hata kimelea kishindwe kujikarabati.

Sasa tufanye ile hesabu. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kubeba vimelea hadi trilioni moja. Kila kizazi cha vimelea huchukua takriban saa 48, na artemisinini ikifanya kazi vizuri, katika muda huo hubakisha kimelea kimoja kati ya 10,000. Trilioni moja inakuwa milioni 100. Tafadhali isikilize tena namba hiyo: milioni 100, na mgonjwa ameshakaa kitako anakula! Hadubini yenyewe inaweza isivione tena. Siku 3 za dawa hugusa kizazi cha pili, na hapo hubaki kama 10,000. Hao wa mwisho ni kazi ya dawa ya pili, lumefantrini, kwa sababu artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache, ilhali lumefantrini hukaa siku kadhaa. Nayo hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta tumboni, ndiyo maana muuguzi husisitiza tembe zimezwe pamoja na maziwa au chakula. Ukiacha katikati, wanaosalia ni wale waliovumilia zaidi, na ndio watakaozaana.

Na wavumilivu tayari tunao. Watafiti walithibitisha Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na baadaye mkoani Kagera, Tanzania, kuwepo kwa vimelea vyenye mabadiliko katika jeni inayoitwa kelch13. Ujanja wao unatisha: kikiwa bado kichanga, kimelea hupunguza kula. Asiyekula himoglobini hana himu nyingi, na pasipo himu artemisinini haiamki. Kinangoja tu dawa ipite. Tiba bado inaponya wagonjwa walio wengi kwa sababu lumefantrini ipo nyuma inasubiri, na ndiyo maana nakasirika ninaposikia dozi imeuzwa nusu kwa sababu mnunuzi alikuwa na pesa ya nusu. Aliyeuza alijua.

Upo upande wa pili unaowachanganya watu. Kimelea kikifa, wengu hukiondoa, lakini protini yake moja hubaki ikielea kwenye damu kwa wiki kadhaa, na hiyo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dozi yake, akameza tembe mara zote 6, na akapona anaweza kupimwa baada ya wiki 2 na kuonekana ana malaria, akaanzishiwa dozi nyingine ya vimelea ambavyo vimeshakufa. Mzazi, ukikutana na hali hiyo, mweleze mhudumu tarehe mtoto alipomeza tembe ya mwisho, na uombe damu yake iangaliwe kwa hadubini. Homa ikiwa imerudi kweli, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje kesho. Huenda ni malaria, huenda ni nimonia, na nimonia haitibiwi kwa dawa ya mseto.